Chai Isiyomlaza Mzee Mutembei

Kamomili haichumwi na umande. Anayekurupuka na kikapu alfajiri hurudi nyumbani na maua yaliyolowa, na maua yaliyolowa huota ukungu kabla mtu hajapata wa kumuuzia. Makandi alilijua hilo tangu akiwa msichana wa shule. Hata hivyo, Jumamosi ile saa tatu ilimkuta tayari shambani, kikapu mkononi, akiyatazama yale maua meupe yenye vitovu vya manjano kama mtu anayesubiri kujibiwa. Hakuja kuchuma. Alikuja mahali ambapo mtu akionekana na macho mekundu anaweza kusingizia chavua.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu baba yake alitamke lile neno.

Tuseme kwanza habari za Munyi, maana yeye ndiye chanzo cha macho mekundu. Munyi alikuwa mfugaji wa nyuki kutoka Mbeere, kule chini upande wa Siakago, ambako ikifika saa nne mbuzi wote wameshajipanga kivulini. Miaka miwili nyuma alipanda hadi hapa juu, karibu na Nkubu, akiwa na donge la nta lililofungwa kwa gunia, akimuuliza kila mtu njiani nyumbani kwa yule binti wa maua ya misheni. Hivyo ndivyo watu walivyoiita kamomili, kwa kuwa mbegu zake za kwanza zilitoka katika bustani ya watawa. Makandi aliyaloweka maua makavu katika mafuta ya alizeti, akayaacha juani wiki tatu, kisha akayachuja na kuyayeyushia nta. Marhamu iliyopatikana ililainisha visigino vilivyopasuka na makalio ya watoto wachanga yaliyochubuka. Maji ya maua yaleyale yaliosha nyuso zenye chunusi, na wasichana wa saluni za Makutano waliapa kwamba nywele zikisuuzwa kwayo hung'aa wiki nzima.

Nta ilihitajika kila mwezi. Baada ya muda ikaanza kuhitajika kila wiki mbili, na hatimaye Munyi alikuwa akija hata wakati nta ya mara ya mwisho haijaguswa. Mama yake Makandi aliliona hilo akanyamaza. Kimeru cha Makandi na Kimbeere cha Munyi vilielewana nusunusu tu, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili cha shuleni, kile chenye makosa mengi, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kisha Munyi akaja na wajomba wawili na kibuyu cha asali kusema neno la kwanza la posa. Mzee Mutembei, baba yake Makandi, aliwasikiliza hadi mwisho. Akauliza ukoo wao. Akatajiwa. Akaizungusha kofia magotini, halafu akasema, "Haiwezekani. Ukoo wenu na wetu ni gichiaro."

Msomaji asiye wa huku atauliza gichiaro ni nini. Ni udugu wa kiapo. Zamani koo mbili zilipochoka kumwagana damu, wazee wao walikutana wakala kiapo, na tangu siku hiyo watoto wa huku na wa kule wakahesabika kuwa wa tumbo moja. Hawaoani kamwe. Hawanyimani, mmoja akiomba mwingine hutoa. Wala hawadanganyani, na anayethubutu, wazee husema, mwili wake mwenyewe utamshtaki.

Mbele ya neno kama hilo hakuna cha kubishana. Wajomba walisimama. Munyi aliweka asali mezani, akainamisha kichwa, na alipofika mlangoni akamgeukia Makandi. "Kwaheri, dada," alisema. Kati ya maneno yote aliyowahi kuambiwa na mwanamume yule, hilo ndilo lililomchoma.

"Unachuma nini na umande huu wote?"

Sauti ya mama yake ilimshtua. Cicily alikuwa amesimama mwisho wa matuta, leso imefungwa kiunoni.

"Sichumi, Mama. Naangalia tu."

"Kuangalia hakujazi kikapu." Cicily alisogea akachutama kando yake, akang'oa gugu moja, kisha la pili. "Babako hakulala tena."

"Nilimpa chai ya maua."

"Najua ulimpa. Amegeukageuka mpaka jogoo wakawika. Na anajikuna. Mikono yote miwili, mpaka hapa kwa kiwiko."

"Nitamwongezea maua. Vijiko viwili. Na nitampaka marhamu."

"Ulimwongezea juzi. Ulimpaka jana." Cicily aliyatupa magugu. "Tangu tumzike kakako Riungu, miaka minne sasa, hii chai imekuwa ikimlaza. Hata ile wiki ya kwanza ya kilio, ilimlaza. Sasa siku kumi na moja imekataa. Mimi si daktari, lakini kuhesabu najua."

Makandi alimgeukia taratibu. "Mama, unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu. Mimi nilioleka hapa, mambo ya ukoo wa babako siwezi kuyaingilia." Alinyanyuka akikung'uta leso. "Nasema tu maua hufanya kazi kwa mwili. Mtu ambaye ulimi wake unakesha, hata umpikie shamba lote hatalala."

Akaenda zake jikoni kumenya nduma, akamwacha bintiye na jambo zito la kufikiri.

Jua lilipanda. Umande ukaisha, maua yakafunguka kabisa, na harufu yake, ile ya tufaha lililoiva, ikajaa bondeni mpaka kichwa kikawa chepesi. Nyuki walivuma chinichini. Makandi alipitisha vidole vyake katikati ya mashina akiyachana maua kama mtu anayechana nywele za mtoto, na yakawa yanaangukia kikapuni bila sauti. Saa kama hizo ndizo Munyi alikuwa akichutama mkabala naye, wakichuma kutoka pande mbili za tuta moja, vidole vyao vikikaribiana, vikikaribiana, hadi mmoja wao acheke. Alifumba macho. Alimwona wazi kabisa, na shati lake la kijani, akipita kwenye ua wa miti.

Alipofumbua macho, Munyi alikuwa amesimama pale.

"Hodi," alisema.

"Karibu."

Hakusogea karibu. Aliinama akaliweka donge la nta chini kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo naye Makandi akasogea kulichukua. Zamani angelipokea mkononi, na wangechukua muda mrefu kuliko nta ilivyostahili.

"Uliniagiza hiyo kabla ya," Munyi alianza. "Kabla."

"Ungempa mtu aniletee."

"Ningempa." Alitazama vidole vya miguu yake. "Nilimpata hata wa kumpa. Halafu nikaona nimeshafika Nkubu na bado nimeibeba mwenyewe."

Makandi alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. Akauona mkono wa kushoto wa Munyi umevimba mpaka vifundo havionekani. "Umeumwa."

"Nyuki wanajua mtu akiwa na mawazo. Huwezi kuenda kwa mzinga na roho imechafuka, watakuambia."

Makandi alichuma konzi ya maua mabichi, akayaponda kwenye kiganja hadi yakatoa maji, akayalaza juu ya jani la mgomba. Kisha akasita. Wiki mbili zilizopita angemshika mkono na kumpaka mwenyewe. Akaliweka lile jani kwenye nyasi katikati yao. "Bandika hapo kwa uvimbe," alisema.

Munyi aliliokota, akajibandika. Alifumba macho ubaridi ulipomwingia. "Asante, da," alisema, akaishia hapo. Hakuweza kulimalizia. Makandi alimwona akilimeza neno, na kama kuna mtu aliyewahi kumpenda mtu katika bonde lile, ni yeye, dakika ile.

"Uliuliza kwenu?" alimwuliza.

"Niliuliza. Mjomba Gitari anasema hajawahi kusikia hiyo maneno. Lakini anasema pia kuna mambo mingi hajawahi kusikia. Wazee wenye wangejua walishakufa."

"Kwa hivyo hakuna mwenye anajua."

"Kuna mmoja."

Wote wawili wakatazama juu kwenye nyumba. Mzee Mutembei alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake cha mbao, kofia magotini, akijikuna.

"Munyi," alisema Makandi polepole. "Gichiaro hanyimwi."

"Ndio."

"Na hadanganywi."

"Ndio, lakini."

"Basi panda pale umwombe. Usimwombe mimi. Mwombe majina. Wale wazee wawili walikula kiapo, wa kwetu na wa kwenu, ni akina nani. Kama ni ukweli atakutajia."

Munyi alilibonyeza lile jani mkononi. "Makandi, saa hii niko na labda moja. Labda mzee amekosea. Labda ni ukoo mwingine. Nikilala najifunika hiyo labda kama blanketi. Akinitajia majina, blanketi imeenda."

"Mimi siwezi kuzeeka na labda." Aliyafuta machozi yaliyokuwa yakidondokea maua kikapuni, asije akayalowesha bure. "Ukiwa ndugu yangu, nataka kujua leo, nianze kujifunza. Itanichukua miaka mingi."

Wakapanda pamoja, yeye mbele, Munyi nyuma kwa hatua zilezile mbili.

Mzee Mutembei aliwaona tangu wakiwa mbali, na asingeweza kusema hakuwaona. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa kahawa aliyeheshimika kanisani na sokoni, lakini zile siku kumi na moja zilikuwa zimemzeesha. Macho yalikuwa yamezama. Kwenye mikono, alama za kucha zilikuwa nyekundu mpaka kwenye viwiko, juu ya marhamu ambayo Makandi alimpaka jana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja tena." Alijibu kwa Kiswahili, lugha yake ya wageni.

"Sikuja kwa mambo ya ndoa. Hiyo ulishakata na mimi nilisikia. Nimekuja kama gichiaro."

Mkono uliokuwa unakuna ukasimama. "Karibu," alisema Mutembei, kwa sauti kavu.

"Kwetu tunafundishwa gichiaro akiomba hanyimwi."

"Hata kwetu ni hivyo."

"Basi naomba kitu moja, na sitakusumbua tena." Munyi alivua kofia. Hakuwa mjanja, na hakuna ujanja uliokuwa usoni mwake. Alikuwa anaomba kweli. "Naomba majina. Wale wazee walikula kiapo, wa kwenu na wa kwetu. Siku moja nitakuwa na watoto." Hapo Makandi akatazama pembeni, maana alisikia kwamba watoto hao si wake. "Nataka kuwaambia, mkienda kutafuta bibi msipite kwa hawa, hawa ni ndugu zenu, mzee fulani na mzee fulani walikula kiapo. Nisingependa mtoto wangu apitie hii kitu."

Jikoni kisu kiliacha kumenya. Cicily alisimama mlangoni na nduma mkononi, nusu ina ganda, nusu haina.

Mutembei aliyatazama matrei ya wavu yaliyopangwa kivulini chini ya paa, maua yamelala humo yakikauka. Akaitazama miguu ya kijana. Akafungua kinywa.

"Alikuwa babu yangu," alisema. "Mbae. Na wa kwenu alikuwa."

Jina. Kumbe lipo jina. Makandi aliishika nguzo ya baraza, na katika sekunde hizo chache alimzika Munyi, akamlia, akamwona akioa mtu mwingine kule Mbeere, akampelekea marhamu ya mtoto.

"Alikuwa," Mutembei alirudia. Jasho lilimtoka kwenye paji. Mkono wa kulia ukaanza tena kuukuna wa kushoto, kwa nguvu, kisha akaushika ukatulia. "Siwezi."

"Umesahau, Mzee?" Munyi aliuliza kwa upole.

"Sijasahau. Siwezi kuwasingizia wafu." Alivuta pumzi ndefu. "Babu Mbae hakula kiapo na mtu. Alikuwa mtu wa kuchunga mbuzi, hata kesi za wazee alikuwa anakimbia. Hakuna gichiaro. Niliitunga hapa, kwa hiki kiti, na wajomba zako wakinitazama."

Kuku alipita barazani akitafuta punje, akapita.

"Siku kumi na moja," alisema Munyi hatimaye. Hakupaza sauti. "Siku kumi na moja nimemwita dada. Nikiwa kwa barabara, nikiwa kwa mizinga, nafanya mazoezi. Dada. Dada. Kama mtoto wa nasari."

"Najua, kijana. Hizo siku nimezihesabu pia, macho wazi."

"Kwa nini, Baba?" Makandi aliuliza.

Mutembei alianza kwa Kimeru, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili mgeni naye asikie, maana alikuwa amewakosea wote wawili.

"Kakako alipokufa, nilikuwa naogopa jua likianza kuzama. Mwanamume mzima. Naona giza linakuja kwa ile migomba. Ni wewe ulinirudishia usiku. Unaleta kikombe, unaketi hapo kwa stuli, unaniambia mambo ya maua, hata sijui ulikuwa unasema nini, nasikia tu sauti mpaka nalala. Sasa huyu akaja na asali. Nikasema, akienda Mbeere, nani ataketi hapo? Nikatafuta neno ambalo hakuna mtu anaweza kubishana nalo."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningesema aje? Kwamba mzee wa kanisa anaogopa giza?"

"Ungesema hivyo hivyo. Ningekusikia." Hasira na huruma vilimpanda Makandi kwa pamoja, asijue kipi kitangulie. Zilikuwa siku kumi na moja za kumpikia dawa mtu huku yeye mwenyewe akilowesha mto. Alitaka kumfokea. Lakini alipoiona ile mikono iliyochubuka, iliyomlea, ikiwa imelazwa magotini kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari, hasira ikapungua, ingawa haikwisha. "Uliniumiza, Baba. Nataka ujue."

"Najua."

"Sawa."

Mutembei alimgeukia Munyi. "Rudi na wajomba zako. Nitaomba msamaha mbele yao, na mbuzi ya msamaha nitatoa mimi. Ile asali yenu iko kwa kabati. Sijaionja. Niliogopa kuionja." Akasugua macho. "Huko kwenu hii maua inamea?"

"Haimei, Mzee. Jua ni kali. Lakini nyuki wanamea." Kwa mara ya kwanza siku hiyo kona ya mdomo wa Munyi ilicheza. "Maua yatabaki hapa. Atakuwa akija kuyachuma. Na mimi nitabeba kikapu."

"Utabeba," alisema Cicily kutoka mlangoni. Hilo ndilo neno lake pekee katika shauri zima, akarudi kwa nduma zake.

Mzee alijiegemeza kitini. "Makandi. Hiyo chai. Nionyeshe kipimo."

"Kipimo gani, Baba?"

"Vijiko vingapi, na unafunika muda gani. Nataka kujipikia. Lazima nijifunze ukiwa bado uko hapa."

Makandi hakuamini alichosikia. Aliondoka haraka asionekane uso, akaingia jikoni, akachemsha maji. Alipima kijiko kimoja cha maua makavu, akatia maji, akakifunika kikombe kwa kisahani. Harufu ikapanda. Alihesabu moyoni kama alivyokuwa akihesabu kila jioni kwa miaka minne, akajipanga jinsi ya kumweleza: kijiko kimoja tu, ukizidisha inakuwa chungu, usiache maji yatokote juu ya maua, funika, usifunue hata ukishawishika. Akakibeba kikombe kwa uangalifu mpaka barazani.

Mzee Mutembei alikuwa amelala.

Alilala mchana kweupe, saa saba kasorobo, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi kidogo, mikono imetulia kabisa juu ya kofia. Alikoroma. Hajaonja hata tone.

Munyi alikuwa amesimama pale pale, hajui aende wapi. Walitazamana juu ya kichwa cha mzee. Hatua mbili zilikuwa kati yao bado, na kwa muda hakuna aliyejua jinsi ya kuzivuka, maana hata furaha ina aibu zake ikirudi ghafla. Munyi aliinamisha kichwa akaangalia sakafu, mahali pa kuwekea kikombe, kama walivyofanya na nta kule shambani.

"Usiangalie chini," alinong'ona Makandi. "Njoo uchukue."

Alikuja. Alinyoosha mkono mzima na ule uliovimba, uliokuwa bado na petali nyeupe imeganda kwenye ngozi, akakipokea kikombe pamoja na vidole vilivyokishika, na chai ikapoa mikononi mwao wote wawili kabla ya yeyote kukumbuka kuinywa.